Tumbo la Alhamisi

Dalva alikuwa anakaanga maandazi uani. Binti yake Cátia akatoka ndani, ameshika tumbo.

"Mama, linauma tena."

Dalva akaepua karai kwanza. Akafuta mikono, akamshika mtoto kwenye paji la uso. Halikuwa la moto. Akamtazama macho na ulimi. Vyote vilikuwa salama. Lakini juu ya mdomo wa mtoto palikuwa na jasho dogo dogo, na jua lilikuwa bado halijawa kali.

"Linauma wapi?"

"Hapa." Cátia akasogeza mkono. "Hapana, hapa."

Baba yake, Eusébio, alikuwa anapiga pasi shati la kazi. Eusébio alikuwa mwalimu. Kwao ni Mueda, kule bara kwenye uwanda wa juu, na sasa ulikuwa mwaka wake wa pili katika shule moja ya Mocímboa da Praia. Cátia alikuwa na miaka kumi na miwili. Alisoma darasa la sita, na mwalimu wake alikuwa baba yake huyo huyo.

"Mpeleke kituo cha afya, mama Cátia," Eusébio alisema. "Isije ikawa malaria. Mimi nachelewa."

Basi Dalva hakwenda sokoni kuuza kapulana zake, vile vitambaa vya kujifunga, asubuhi ile. Alikwenda kituo cha afya. Cátia akatobolewa kidole, damu ikapimwa. Malaria hakuna. Wiki iliyopita pia malaria haikuwepo. Wiki ya kabla yake walipewa dawa ya minyoo, na mtoto aliinywa mbele ya mama yake.

Muuguzi alikuwa dada mmoja mpole, mwenye miwani. Aliitazama kadi ya Cátia kwa muda mrefu.

"Mama, mlikuja lini mara ya mwisho?"

"Wiki iliyopita."

"Ilikuwa Alhamisi. Na ile ya kabla?" Akageuza kadi. "Alhamisi. Leo ni siku gani?"

"Alhamisi," Dalva alijibu polepole.

"Malaria naijua. Minyoo naijua. Lakini tumbo linalochagua siku, dawa yake hapa sina. Mwulize mtoto. Mwulize taratibu."

Dalva akarudi nyumbani na mawazo mengi. Jumatano walikula nini? Walikula wali na samaki, na wote watatu walikula chungu kimoja. Maji? Wote walikunywa maji yale yale. Dada yake alimwambia kwa simu kwamba mtoto amerogwa. Dalva hakuliamini hilo, lakini pia hakujua aamini nini. Ilipofika saa nne, Cátia alikuwa amemaliza maandazi manne na anaruka kamba na watoto wa jirani.

"Huyu ananidanganya," Dalva alijisemea. Halafu akakumbuka lile jasho. Lile halikuwa la uongo.

Akamwita. Wakakaa kwenye mkeka, wakawa wanachambua kunde. Dalva hakumtazama usoni.

"Alhamisi kuna nini shuleni?"

Cátia akainama. Akachambua kunde nyingi sana.

"Mashairi," alisema mwishowe.

"Mashairi yanafanya nini?"

"Baba anatusimamisha, mmoja mmoja. Unasema shairi lote kwa kichwa. Ukisahau, unabaki umesimama mpaka kengele. Halafu anauliza, mtunzi anataka kusema nini? Mama, mimi sijui mtunzi anataka kusema nini. Sijawahi hata kumwona."

Dalva alitaka kucheka, akajizuia.

"Na wenzako je? Si wanasimama pia?"

"Wenzangu wanasimamishwa na mwalimu. Mimi nasimamishwa na baba." Akaziacha kunde. "Usimwambie."

"Siwezi kumficha baba yako, mwanangu. Lakini nitamwambia vizuri."

Eusébio alirudi mchana. Dalva akampa chakula, akamwacha ale kidogo, kisha akamweleza yote. Eusébio akaweka kijiko chini.

"Mashairi? Mashairi yanaumizaje tumbo?"

"Mimi nakwambia alichosema mtoto."

"Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo. Tena mwalimu wetu alikuwa na fimbo. Mimi sina fimbo!"

"Sikusema una fimbo, baba Cátia."

"Na nikimwachia yeye akae, wenzake watasema nampendelea. Nifanye nini?"

"Ualimu siujui," Dalva alisema. "Mimi nauza kapulana. Lakini mteja akija, simsimamishi nikamwuliza, hii kapulana maana yake nini? Namwacha aishike. Akiipenda, ataniuliza mwenyewe."

Eusébio akasukuma sahani. Alikuwa amekasirika, lakini hakujua amemkasirikia nani. Akavaa viatu, akarudi shuleni, akafungua daftari la mahudhurio.

Alihesabu. Jumatatu walikosa wanafunzi wawili au watatu. Jumanne vivyo hivyo. Alhamisi walikosa kumi na mmoja. Alhamisi nyingine, kumi na watatu. Palikuwa na mvulana mmoja, Tuaibo, mpole, ambaye hakuwahi kukosa shule hata siku za mvua kubwa. Alhamisi nne zilizopita Tuaibo hakuwepo. Eusébio alikuwa anaandika alama hizo kwa mkono wake mwenyewe, wiki baada ya wiki. Alidhani Alhamisi wanabaki nyumbani kusaidia kazi.

Alikaa pale mezani peke yake. Akajaribu kukumbuka shairi moja tu kati ya yale aliyosoma utotoni. Hakukumbuka hata mstari. Alikumbuka ukuta wa darasa tu, na miguu yake ilivyokuwa inachoka.

Kutoka chumba cha jirani zilikuja kelele. Watoto walikuwa wanapiga makofi na kucheka. Lilikuwa darasa la tatu, la Mwalimu Cadija, mama wa makamo kutoka Quiterajo. Eusébio alikwisha kumshtaki mara mbili kwa mkuu wa shule kwa sababu ya kelele hizo. Siku ile alingoja kengele ilie, watoto watoke, ndipo akagonga mlango.

"Karibu, mwalimu," Cadija alisema. "Leo tena tumekusumbua?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza." Eusébio aliona aibu. "Watoto wako walikuwa wanafanya nini?"

"Shairi."

"Shairi? Mbona walikuwa wanacheka?"

"Lilikuwa la kuchekesha."

Eusébio akakaa kwenye dawati dogo, magoti juu. Akamweleza habari ya Cátia, na ya daftari la mahudhurio. Kisha akatoa karatasi ya shairi alilokuwa anafundisha. Shule yao ilikuwa na saa moja ya Kiswahili kila Alhamisi baada ya rekreo, yaani mapumziko. Wazazi wenyewe waliiomba. Karatasi zilikuwa zimepigwa chapa, bila jina la mtunzi.

*Mvua yaja, mabati yaita,*
*ta-ta-ta, ta-ta-ta.*
*Nani yuko nje bado?*
*Kuku mmoja na kandambili.*
*Mama aita jina langu,*
*mvua inalimeza jina.*
*Nimejibu, hajasikia.*
*Nimejibu tena.*

Cadija akalisoma kwa sauti, akatulia. Akalisoma tena.

"Wewe unalipenda?" akauliza.

"Kulipenda?" Eusébio alichanganyikiwa. "Ni shairi la karatasini. Nimeandika ujumbe wake ubaoni: watoto wawatii wazazi wao."

"Umeuona katika mstari gani ujumbe huo?"

Eusébio akatazama karatasi. Akatazama tena. "Mama anaita, mtoto anajibu," alisema, lakini mwenyewe hakuridhika.

"Mimi naanza hivi," Cadija alisema. "Madaftari yafungwe. Wasikie kwanza. Unasoma mara mbili, polepole, wao wamefumba macho. Hakuna swali. Ukimaliza, kila mmoja anasema neno moja lililombakia. Siku nyingine wanachora walichokiona. Siku nyingine tunapiga mdundo wake kwenye madawati, hizo ndizo kelele unazozisikia. Siku nyingine naikata mistari vipande, wanaipanga wenyewe, wanabishana huu uanze au huu ufuate. Anayetaka kusoma mbele anasoma, asiyetaka anasoma pamoja na kundi lake."

"Na maana?"

"Itakuja. Ukiitanguliza wewe, wao wataikopi tu."

"Kwa hiyo kila jibu ni sahihi? Na maksi nitatoaje?"

Cadija akaanza kujibu, lakini watoto wa zamu ya mchana walikuwa wanaingia. "Jaribu kwanza," akamwambia. "Kisha uje."

Alhamisi iliyofuata Dalva alimsindikiza Cátia mpaka mlangoni mwa darasa. Mtoto akakaa dawati la nyuma, mkono tumboni. Eusébio aliingia na mfuko uliojaa. Alikuwa amekata mistari vipande. Alikuwa na penseli za rangi na karatasi za kuchorea. Aliwagawa watoto makundi manane.

"Fumbeni macho," alisema. "Halafu mtapanga vipande. Halafu mtachora. Halafu kila kundi litaigiza."

Watoto wakatazamana.

"Mwalimu, daftari tufunge au tufungue?"

"Mwalimu, leo hatusimami?"

"Mwalimu, macho tukifumba vipande tutavionaje?"

Upepo ukaingia dirishani, vipande vikaruka. Makundi mawili yakagombania mstari mmoja. Wengine walichora kabla ya kusikia shairi. Wengine walichora mpira. Msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, jibu ni lipi? Tuandike."

"Hakuna jibu!" Eusébio alisema kwa sauti kubwa.

Darasa zima likanyamaza. Hawakuwa wametulia, walikuwa wameogopa. Zamani walijua wanachoogopa. Leo hawakujua hata hicho. Kengele ilipolia walitoka mbio, na Cátia alikuwa wa kwanza.

Eusébio alimkuta Cadija barazani.

"Imeharibika," alisema. "Nimefanya yote uliyoniambia."

"Yote?"

"Yote."

"Kwa saa moja?" Cadija akatikisa kichwa. "Mimi yale nayafanya kwa wiki sita, ndugu yangu. Umewapakulia sahani sita kwa mara moja, wamejua wale ipi? Chukua jambo moja. Moja tu. Na wape muda. Wakinyamaza, na wewe nyamaza."

"Wakinyamaza muda mrefu?"

"Nyamaza. Hapo ndipo wanapofikiri. Sisi walimu kimya kinatutisha, tunakijaza kwa maneno."

"Na lile swali langu? Niliwaambia hakuna jibu. Wameogopa."

"Umewaambia lisilo kweli. Majibu yapo. Yanaweza kuwa mawili au matatu, lakini si kila neno ni jibu. Mtoto akikwambia shairi hili linahusu mpira, utakubali?"

"Hapana."

"Basi mwulize, umeona mstari gani? Akikuonyesha, ana jibu, hata kama si lako. Asipokuonyesha, arudi kwenye shairi akatafute. Na maksi toa kwa hilo. Amerudi kwenye shairi au hakurudi?"

Eusébio akaliandika swali lile nyuma ya karatasi yake: *Mstari gani?* Hakuandika kingine.

Nyumbani, jioni ile, alimwita Cátia.

"Alhamisi ijayo hakuna kusimama," alisema. "Si wewe, si mwenzako yeyote. Nilikosea."

Cátia alimtazama baba yake kama mtu asiyemfahamu vizuri. Hakuwahi kumsikia akisema neno lile. "Ndiyo, baba," alijibu, akaondoka haraka.

Alhamisi ikafika. Cátia hakula maandazi, lakini alikwenda shule mwenyewe. Eusébio aliingia darasani na karatasi moja tu.

"Fungeni madaftari. Wekeni penseli chini. Leo kazi yenu ni kusikiliza. Anayetaka afumbe macho."

Akasoma. Akangoja. Akasoma tena, polepole zaidi.

"Neno gani limekubakia? Neno moja."

Hakuna aliyejibu. Eusébio alisikia jasho linashuka mgongoni. Alitaka kusema kitu. Akauma meno, akanyamaza. Nje kulikuwa na mtu anapasua kuni. Darasa zima liliweza kuhesabu mapigo ya shoka.

Kisha Tuaibo, ambaye siku ile alikuwepo, akasema chini chini, "Kandambili."

Wenzake wakacheka. Eusébio akainua mkono, wakatulia.

"Kwa nini kandambili, Tuaibo?"

"Kwa sababu iko moja. Mwenye nayo amekimbia."

Hakuna aliyecheka tena. Wengi katika darasa lile walikuwa wameukimbia mji ule wakati wa vita wakiwa wadogo, wakabebwa mgongoni, wakarudi baada ya miaka. Eusébio aliona nyuso zao zimebadilika.

"*Inalimeza*," alisema msichana mmoja. "Mvua ina mdomo."

"*Ta-ta-ta*," alisema Germano, mvulana wa mbele, na akapiga dawati kwa vidole. Jirani yake akapiga. Mara darasa zima likawa mabati. Eusébio aliwaacha. Walipochoka waliacha wenyewe.

"Huyo mama yuko wapi?" Eusébio akauliza.

"Amepotea," alisema Tuaibo.

"Hajapotea!" alisema Germano. "Yuko jikoni. Mvua tu ina kelele."

Zamani Eusébio angesema nani amepata. Sasa aliuliza, "Mstari gani?"

Tuaibo akafikiri. "Ule wa *nani yuko nje bado*. Mtu bado hajarudi."

"Na wewe, Germano?"

"*Mabati yaita*. Mabati ni nyumba. Wako nyumbani."

Watoto wakatoa karatasi zao za shairi, wakaanza kubishana, wakionyeshana mistari kwa vidole. Eusébio mwenyewe hakujua nani yuko sahihi. Alikuwa amechanganyikiwa kama wao, na hilo halikumsumbua.

Ndipo mkono ukanyooshwa dawati la nyuma. Ulikuwa wa Cátia. Hakusimama.

"Mimi naona mtoto anamwona mama," alisema. "Mama ndiye hamwoni mtoto."

"Mstari gani?"

"*Nimejibu, hajasikia*. Amejuaje kwamba hajasikia? Lazima anamwona. Anamwona anaendelea kuita tu."

Eusébio alikuwa amelifundisha shairi lile kwa wiki nne. Alikuwa ameliandika ubaoni na kuliandikia ujumbe. Hilo alilosema binti yake hakuwahi kuliona. Akatafuta kiti, akakaa.

"Umesema kweli," alisema baadaye kidogo. "Mimi sikuwa nimesikia."

Kengele ikalia. Hakuna aliyetoka mbio. Wengine walibaki mezani kwake, wakiulizana kama yule kuku alikuwa wa mama au wa jirani.

Tangu siku hiyo Eusébio alichukua jambo moja kwa kila Alhamisi. Wiki moja walipanga vipande vya mistari, na madirisha yakazibwa kwa madaftari ili upepo usiviibe. Kundi moja lilipanga tofauti na shairi lenyewe, na darasa likakubaliana kwamba mpango wao nao si mbaya, wakaeleza kwa nini. Wiki nyingine walisoma kwa sauti mbili: nusu wakawa mvua, nusu wakawa mtoto. Mvua ilipozidi, mtoto hakusikika, na wote wakaelewa bila kuambiwa. Si kila wiki ilikwenda vizuri. Siku ya kuchora, kundi la Germano walichora mpira tena. Eusébio akawauliza, "Mstari gani?" Wakacheka, wakafuta.

Mwisho wa miezi miwili alihesabu mahudhurio ya Alhamisi. Walikosa wawili, na wote wawili walikuwa na homa kweli. Ilipokuja prova, ule mtihani wa muhula, watoto waliulizwa kuhusu shairi wasilolijua. Zamani wengi wangeacha ukurasa mweupe. Safari hii hakuna aliyeuacha. Mkuu wa shule akawaomba Eusébio na Cadija wawaonyeshe walimu wengine wanavyofanya. Eusébio alisimama mbele ya walimu, akaanza kwa kusimulia somo lake lililoharibika.

Dalva hakwenda tena kituo cha afya kwa ajili ya tumbo. Alimwona binti yake akiandika vitu kwenye daftari dogo, akivifuta, akiviandika tena. Hakuuliza.

Jumamosi moja Eusébio alikwenda sokoni kumsaidia mke wake kupanga kapulana. Cátia alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, daftari magotini.

"Baba, nimetunga. Nikusomee?"

"Nisomee."

Cátia akasoma.

*Saa sita kivuli changu*
*kimejificha chini ya miguu.*
*Sikikanyagi.*
*Kina safari jioni.*

Eusébio akainama. Akakitazama kivuli chake mwenyewe mchangani, kifupi, chini ya viatu. Dalva aliacha kukunja kapulana, akasogea karibu.

"Huo mstari wa mwisho," Eusébio alisema, "sijauelewa."

Cátia akatazama daftari lake, akakunja uso, akafikiri.

"Hata mimi bado, baba," alisema, na wote watatu wakacheka.